Kinachopukutika Ndani ya Mbuzi wa Newala

Mbuzi jike wa Newala, kusini mashariki mwa Tanzania, mnyama wa kundi la mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki ambaye uzito wake akiwa mzima ni nadra kupita sana kilo 30, huzaliwa na akiba ya mayai ambayo hataitumia hata sehemu moja ya mia, na karibu yote inayobaki hutoweka ndani ya ovari zake kimya kimya, pasipo maumivu, homa wala dalili yoyote ambayo mfugaji angeiona akiwa nje ya banda. Kwa ng'ombe, ambaye amechunguzwa zaidi kuliko mbuzi, hasara hiyo inajulikana kwa tarakimu: mtafiti wa Marekani B. H. Erickson alionyesha mwaka 1966 kwamba ndama jike aliye tumboni huwa na seli za mayai zipatazo milioni 2.7 mimba inapofikia siku ya 110 hivi, na kwamba anapozaliwa huwa amebakiwa na mayai kama 130,000 tu. Ng'ombe huyo hata akijaliwa kuzaa kila mwaka kwa miaka kumi, jambo ambalo wafugaji wachache hulishuhudia, atakuwa ametumia mayai kumi kwa ajili ya ndama na makumi machache ya mengine yaliyotoka bila kutungwa mimba, na maelfu yote yaliyosalia yatakuwa yamekufa yakiwa ndani yake. Uzazi wa mifugo, ambao kwa macho ya kawaida ni habari ya kuongezeka, ukitazamwa kwa darubini ni habari ya vifo vingi vinavyosimamiwa kwa ratiba, na msimamizi wa ratiba hiyo ni homoni.

Neno homoni lilitolewa hadharani mwaka 1905 na Ernest Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza, katika mihadhara yake jijini London, naye alilichukua kutoka katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Waandishi wa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili walipita njia hiyo hiyo walipoziita homoni vichocheo, na kwa mambo mengi jina hilo linafaa, kwa kuwa homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia katika damu na kwenda kuamsha kazi mahali pengine mwilini. Katika viungo vya uzazi, hata hivyo, jina hilo lina upungufu, na upungufu wenyewe si wa lugha peke yake. Sehemu kubwa ya kazi ya homoni katika ovari, mfuko wa uzazi, korodani na kiwele haihusu kuamsha seli zilizolala. Inahusu kuziruhusu seli zilizo macho zisife, na ruhusa hiyo inapoondolewa, hakuna haja ya sumu wala jeraha ili seli ziondoke, kwa maana zina maandalizi ya kujiondoa zenyewe. Mwanabiolojia Martin Raff aliliweka wazo hili kwa ukali zaidi mwaka 1992 alipoandika katika jarida la Nature kwamba huenda seli nyingi za mwili wa mnyama huishi kwa sababu tu seli nyingine zinazipelekea ishara za kuzizuia zisijiue. Kwa mtazamo huo homoni inakuwa kitu kinachofanana na kibali cha ukaazi, tena kibali cha muda mfupi kinachohitaji kuhuishwa.

Kifo hicho cha kujiondoa kina jina ambalo wakazi wa Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, wangelielewa upesi kuliko wengi. Mwaka 1972 wanapatholojia John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, wakifanya kazi pamoja Aberdeen, Uskoti, walitaka neno la kutenganisha kifo kilichopangwa na kifo cha ajali, na Profesa James Cormack wa idara ya Kigiriki ya chuo hicho akawapa apoptosisi, neno ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa majani yanayodondoka mtini. Kiswahili kilikuwa tayari na kitenzi chake, kupukutika, na mtu anayeishi kati ya Masasi na Newala hukiona kitenzi hicho kikitendeka kila kiangazi, mikorosho inapoangusha majani yake yaliyozeeka kabla ya kuchipua na kutoa maua, na miti ya mapori ya miombo ya upande wa Masasi inapobaki na matawi matupu. Jani linalopukutika halikuvunjwa na mtu. Mti wenyewe umelikatia njia ya maji, ukaziba kidonda kabla jani halijaanguka. Tawi lililovunjwa na upepo ni jambo jingine, nalo ndilo linalolingana na nekrosisi, yaani kifo cha seli kwa kuungua, kukosa damu au kuliwa na sumu, ambapo seli huvimba, ikapasuka, ikamwaga vilivyomo na kuleta uvimbe na maumivu katika eneo zima.

Seli inayopukutika haina fujo hiyo. Kwanza husinyaa na kuachia mikono iliyokuwa imeshikana na jirani zake. Kisha vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa ndani yake hufunguliwa na kuanza kukata DNA, ule uzi wenye maelekezo ya urithi, katika vipande vinavyolingana kwa urefu, kila kimoja kikiwa na jozi za herufi za kinasaba kama 180 hadi 200, au maradufu ya hizo, au mara tatu, hivi kwamba vikitandazwa maabara juu ya ute maalumu na kupitishiwa umeme hujipanga kama vidato vya ngazi. Mwishowe seli yote hugawanyika kuwa vifurushi vidogo, kila kimoja kimefungwa kwa utando wake, na seli za jirani huvimeza kabla havijamwaga kitu. Ndiyo maana mbuzi anayepoteza mamilioni ya seli ndani ya siku mbili hula, hucheua na kulala kama siku zote.

Ovari ya mbuzi, ambayo ukubwa wake haupiti sana punje ya haragwe, ukiikuta juu ya meza ya ukaguzi machinjioni huonyesha nje malengelenge machache yenye maji maangavu. Kila lengelenge ni kifuko cha yai, ambacho wataalamu hukiita folikoli, na ndani ya ukuta wake kuna seli ziitwazo granulosa zinazolizunguka yai, kulilisha na kutengeneza estrojeni, ile homoni inayomfanya jike atikise mkia, alie na kumkubali beberu. Katika mzunguko mmoja wa mbuzi, ambao kwa kawaida ni siku 21 hivi kutoka joto moja hadi jingine, vifuko havikui kimoja kimoja. Huinuka kwa mawimbi, mara nyingi matatu au manne, na kila wimbi huanza kwa kundi la vifuko vilivyoitwa pamoja na homoni ya FSH inayotoka katika tezi ya pituitari chini ya ubongo. Siku chache za mwanzo FSH hutosha kwa vyote. Kisha kifuko kilichotangulia kidogo kwa ukubwa huanza kumwaga estrojeni na homoni nyingine iitwayo inhibini, na hizo mbili hurudi kwenye pituitari na kuiambia ipunguze FSH, kwa hiyo kile kifuko kinakuwa kimewakatia wenzake riziki waliyokuwa wakiishi kwayo, huku chenyewe kikiwa kimekwisha kujiotesha vipokezi vya homoni nyingine, LH, ambayo bado ipo. Vingine vyote, vikikosa FSH na vikiwa havijawa na uwezo wa kuitumia LH, hupukutika kuanzia kwenye granulosa. Jonathan Tilly na wenzake walipochunguza vifuko vya kuku na vya nguruwe mwaka 1991 waliikuta ngazi ile ya DNA katika vifuko vilivyokuwa vikifa na hawakuikuta katika vilivyo hai, na tangu hapo imekuwa vigumu kuuita mchakato huu uozo wa kawaida, kama ulivyokuwa ukiitwa.

Mbuzi anapozaa mapacha, basi, mara nyingi maana yake ni kwamba katika wimbi la mwisho kifuko cha pili kiliwahi kupata uwezo wa kutumia LH kabla mlango haujafungwa, na hapo ndipo chakula kinapoingia katika hesabu. Insulini, pamoja na homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1 ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini la mnyama anayekula vizuri, huongeza nguvu ya kibali kile kile: granulosa iliyozipata hustahimili upungufu wa FSH kwa muda mrefu zaidi. Wafugaji wa kondoo na mbuzi sehemu nyingi duniani wamekuwa wakiwaongezea majike chakula wiki mbili tatu kabla ya kupandwa bila kujua jambo lolote kuhusu vipokezi, na walichokuwa wakikifanya ni kuokoa vifuko ambavyo vingepukutika. Katika Uwanda wa Makonde msimu wa mabibo, wakati mbuzi wanapookota chini ya mikorosho tunda lenye sukari nyingi baada ya miezi mirefu ya majani makavu, hufika kabla tu ya mvua za Desemba, na mtu angependa kujua uhusiano wa chakula hicho na kuzaa mapacha ukipimwa kwa darubini na si kwa kukisia.

Baada ya yai kutoka, ukuta wa kifuko kilichobaki wazi haufi mara moja. Hugeuka kuwa tezi ya muda, korpasi luteamu, ambayo tafsiri yake ni kinundu cha manjano, ingawa kwa mbuzi jina hilo si la kweli: mwili wa mbuzi hugeuza rangi ya karotini ya majani kuwa vitamini A karibu yote, ndiyo sababu mafuta yake ni meupe buchani wakati ya ng'ombe yana umanjano, na kinundu chake pia huwa na rangi ya waridi iliyopauka. Kazi ya kinundu ni kutengeneza projesteroni, homoni inayoutuliza mfuko wa uzazi uweze kubeba mimba, na kwa mbuzi kazi hiyo haina msaidizi, kwa kuwa tofauti na kondoo, ambaye kondo lake huchukua jukumu hilo baada ya siku 50 hivi, mbuzi huitegemea tezi hiyo kwa takribani siku zote 150 za ujauzito. Kinundu kikifa siku yoyote katika hizo, mimba hutoka.

Nani basi hukiua kinundu cha mbuzi ambaye hakushika mimba? Leo Loeb, mtafiti aliyefanya kazi Marekani, aliona mwaka 1923 kwamba simbilisi akiondolewa mfuko wa uzazi, vinundu vya ovari zake huishi kuliko kawaida, jambo lililoashiria kwamba amri ya kifo inatoka kwenye mfuko wenyewe, na miaka ya 1970 ilipofika amri hiyo ilikuwa imetambuliwa kuwa prostaglandini F2 alfa. (Jina la kundi hilo la kemikali ni kosa lililozoeleka: katika miaka ya 1930 Ulf von Euler wa Sweden alizikuta ndani ya manii na kudhani chanzo chake ni tezi ya prostati.) Prostaglandini ina udhaifu mmoja mkubwa, kwamba damu ikipita mapafuni mara moja sehemu kubwa yake huharibiwa, kwa hiyo ingetumwa kwa njia ya kawaida ya mzunguko wa damu isingefika kwenye ovari na nguvu ya kutosha. Wanyama wacheuao wana njia ya mkato: mshipa unaotoa damu kwenye mfuko wa uzazi umezungukwa na ateri inayopeleka damu kwenye ovari, iliyojikunja kama mzabibu juu ya mti, na prostaglandini hupenya kuta hizo nyembamba na kuingia kwenye ateri moja kwa moja. Ni mpangilio wa ujirani, na unaeleza kwa nini ugonjwa wa mfuko wa uzazi, hata usiogusa ovari, unaweza kuvuruga mzunguko mzima.

Kuanzia siku ya 16 au 17 hivi prostaglandini hufika kwa mapigo, na kila pigo hukifanya kinundu kitoe oksitosini, ambayo inarudi kwenye mfuko wa uzazi na kuuomba utoe pigo jingine, kwa hiyo kinundu hushiriki katika kuagiza kifo chake chenyewe. Kwanza projesteroni hushuka. Baada ya hapo ndipo seli zinapoanza kupukutika. Utaratibu huo wa hatua mbili una maana, kwa sababu tafiti za seli za ng'ombe zimeonyesha kwamba projesteroni yenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyozilinda seli zinazoitengeneza, yaani seli ya kinundu hujipa sehemu ya kibali chake, na prostaglandini huanza kwa kumpokonya mwenye nyumba ufunguo kabla ya kumtoa nje. Jennifer Juengel na wenzake waliichora ngazi ya DNA katika vinundu vya ng'ombe vilivyokuwa vikisinyaa, na kuchapisha matokeo hayo mwaka 1993. Mbuzi aliyeshika mimba huepuka yote hayo kwa sababu kiinitete, kikiwa bado ni utando mrefu mwembamba usioshikamana na ukuta wa mfuko, hutoa protini iitwayo interferoni tau, ndugu wa protini ambazo mwili huzitumia dhidi ya virusi, nayo huzuia mfuko wa uzazi usiote vipokezi vya oksitosini. Pasipo vipokezi hakuna mapigo, na pasipo mapigo kinundu hubaki. Kiinitete kilichochelewa kukua kwa siku mbili tatu, labda kwa sababu ya joto kali au njaa ya mama, huwasili na ujumbe wake wakati hukumu imekwisha kupita, na mfugaji huona tu kwamba mbuzi aliyepandwa amerudi kwenye joto.

Elimu hii iko dukani. Prostaglandini ya viwandani huuzwa kwa ajili ya kuyaleta majike kwenye joto kwa pamoja, kwa kawaida sindano mbili zinazoachana kwa siku 11 hivi kwa mbuzi, na ndiyo msingi mmojawapo wa uhimilishaji wa makundi, huduma ambayo nchini Tanzania imejengwa kuzunguka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichoko Usa River, Arusha. Bwana mifugo anayevuta dawa hiyo kwenye bomba la sindano hana budi kwanza kujua kama mbuzi ana mimba, kwa maana kwa mnyama anayeishi kwa kinundu kimoja siku zote za ujauzito, sindano ya kuleta joto ni sindano ya kuharibu mimba iwe ya mwezi wa kwanza au wa nne. Dawa hiyo hupenya ngozi ya binadamu pia, kwa hiyo mwanamke mjamzito hapaswi kuigusa, wala mtu mwenye pumu, na anayeishika yeyote huvaa glavu. Tena haifanyi kazi kwa mbuzi asiye na kinundu: jike aliyekonda kiasi kwamba vifuko vyake vyote hupukutika kabla ya kupevuka hana kitu ambacho prostaglandini ingekiua. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa mfugaji kununua amri ya kifo wakati tatizo lake ni ukosefu wa kibali cha uhai.

Ipo homoni moja ambayo haiondoi kibali bali hubisha hodi na kuleta kifo mkononi. Kiinitete cha mnyama, kabla ya kuwa dume au jike, huwa na mifereji ya aina mbili, mmoja unaoweza kuwa njia za dume na mwingine, uitwao mfereji wa Müller, unaoweza kuwa mfuko wa uzazi. Korodani changa hutoa homoni ya AMH ambayo huufanya mfereji wa Müller upukutike. Ng'ombe anapobeba mapacha, dume na jike, mishipa ya damu ya makondo yao huungana, na homoni ya dume humfikia dada yake, naye huzaliwa na sura ya jike lakini bila mfuko wa uzazi uliokamilika. Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza asili ya ndama hawa tasa mwaka 1916, na zaidi ya ndama tisa katika kila kumi wa kike waliozaliwa pamoja na ndugu dume huwa hivyo. Mfugaji wa Newala mwenye mbuzi hana haja ya kuwaogopa mapacha wa jinsia mbili, kwa kuwa mishipa ya makondo ya mbuzi huungana kwa nadra sana.

Kwa upande wa beberu, kibali hutolewa na testosteroni na FSH kupitia seli za Sertoli, zilizopewa jina la Mtaliano Enrico Sertoli aliyezieleza mwaka 1865, ambazo huzilea mbegu changa ndani ya mirija ya korodani. Safari ya mbegu moja kutoka seli mama hadi kukamilika huchukua siku zipatazo 48 kwa mbuzi na 61 kwa fahali, na katika hali ya afya kamili bado sehemu kubwa ya seli hizo hupukutika njiani, pengine kwa sababu seli za Sertoli haziwezi kulea zaidi ya idadi fulani. Joto huongeza hasara hiyo kwa kasi. Korodani huning'inia nje ya mwili ili ziwe baridi kuliko tumbo kwa nyuzi kati ya 2 na 6, na beberu aliyefungwa kambani juani mchana kutwa, au aliyeugua homa kwa siku chache, hupoteza mbegu ambazo bado zilikuwa changa, huku zile zilizokwisha kukomaa zikibaki salama. Kwa hiyo ataendelea kutia mimba kwa wiki kadhaa, kisha atashindwa wakati mwenyewe amekwisha kunenepa na ugonjwa umesahaulika. Lawama, aghalabu, huwaangukia majike.

Kiwele hufuata sheria hiyo hiyo kwa nyongeza moja. Prolaktini na homoni nyingine za unyonyeshaji huziweka hai seli za maziwa, lakini watafiti wa Taasisi ya Hannah huko Ayr, Uskoti, walionyesha katika miaka ya 1990 kwa mbuzi wa maziwa kwamba kupukutika kwa seli hizo hutawaliwa pia ndani ya kila upande wa kiwele peke yake, kwa hiyo upande unaoachwa na maziwa huzipoteza hata kama upande wa pili unakamuliwa na wote wawili wanapata damu moja yenye homoni zile zile. Maziwa yanayopungua mwezi baada ya mwezi baada ya kuzaa huwa yanapungua zaidi kwa sababu seli zimeondoka kuliko kwa sababu seli zilizopo zimechoka, na kuruka mkamuo wa jioni ni kuziondoa haraka zaidi.

Hali ya Masasi na Newala ina jambo moja zito kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni mbung'o. Mapori ya kusini mashariki mwa Tanzania, kuelekea Mto Ruvuma, yamekuwa makao ya mdudu huyo kwa vizazi, na ugonjwa wa nagana auenezao ni sababu kubwa ya watu wa ukanda huu kufuga mbuzi na kuku zaidi ya ng'ombe. Makundi ya ng'ombe yalipoondolewa Bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, baadhi ya wafugaji walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi na wengine wakasogea hadi Mtwara, na wanyama wengi ambao hawakuwahi kuishi na mbung'o wakajikuta jirani naye. Nagana hutajwa zaidi kwa upungufu wa damu na vifo, lakini athari yake kwa uzazi ilipimwa mapema katika Afrika Mashariki yenyewe: Benezeth Mutayoba, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na S. Gombe na wenzao, walichapisha mwaka 1988 matokeo ya mbuzi majike walioambukizwa kwa muda mrefu kimelea cha nagana, Tripanosoma kongolense, na wakaonyesha kwamba kazi ya ovari ilikuwa imedidimia na projesteroni na estrojeni zimeshuka katika damu. Mnyama alikuwa bado amesimama na kula. Ovari zake zilikuwa zimekwisha kunyimwa.

Njia ambazo ugonjwa hutumia ni zaidi ya moja, na si zote zinapitia kwenye pituitari. Kemikali ambazo askari wa mwili huzitoa wanapopigana, mojawapo ikiwa ile iitwayo TNF, zimeonekana katika seli za vinundu vya ng'ombe maabara zikizisukuma kuelekea kupukutika, na mwili wenye homa ya kupanda na kushuka kwa wiki nyingi hauishiwi na kemikali hizo. Njaa ya kiangazi hufanya kazi kutoka upande mwingine kwa kupunguza IGF-1 na mapigo ya LH. Mbuzi mwenye nagana ya kichinichini mwezi Septemba, katika uwanda ambao udongo wake wa kichanga haushiki maji juu na ndoo ya maji huchotwa mbali au kununuliwa, hupokonywa kibali kwa mikono miwili, na sindano ya homoni kutoka duka la dawa haiwezi kushindana na mikono hiyo. Dawa ya nagana na debe la maganda ya muhogo yaliyokaushwa vizuri ni dawa za uzazi, hata kama hazikuandikwa hivyo kwenye lebo.

Majibu ya dawa hizo hayaji upesi, nalo ni jambo linalowakatisha tamaa wengi. Kifuko cha yai hakianzi kukua siku mbuzi anapoingia kwenye joto. Kwa kondoo imekadiriwa kwamba kutoka kifuko kinapoamka katika akiba hadi yai kutoka hupita kiasi cha miezi sita, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mbuzi yuko mbali na hapo. Yai litakalotoka Desemba, mvua zikiwa zimeanza na majani mabichi yamejaa kando ya njia ya Newala, liliamka Juni, mikorosho ilipokuwa ikiangusha majani, na limepita Julai, Agosti na Septemba ndani ya mnyama aliyekuwa akinywa nusu ndoo ya maji yaliyochotwa bondeni.